Pacha Alipopumua

Kila mtu pale kituoni alimwambia Inspekta neno moja, na wote walilisema kwa sauti ya chini, kama watu wanaomsitiri marehemu: Fundi Sumaku alifanya uzembe siku moja tu maishani mwake, na siku hiyo ndiyo aliyokufa.

"Ufunguo wake huo hapo," alisema Msimamizi wa zamu. "Tuliukuta hivyo hivyo, umechomekwa."

Walikuwa wamesimama mbele ya ubao wa chuma uliogongomewa ukutani, nje ya chumba cha kuongozea mtambo. Ubao ulikuwa na safu ya vitundu, na kila kitundu kilikuwa na ufunguo wenye kibandiko cha jina. Chini ya miguu yao kulipita handaki la mviringo, na ndani ya handaki mlikuwa na bomba lililonyonywa hewa yote. Humo ndimo chembe zisizoonekana kwa jicho zilimokimbizwa, huku sumaku nzito kama matrekta zikizikunja zifuate njia na zisigonge kuta za bomba. Sumaku hizo zilikula umeme kama moto unavyokula nyasi kavu. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kituo ilikuwa fupi, hata mtoto angeikariri: anayeshuka handakini huchomoa ufunguo wake na kwenda nao mfukoni. Ufunguo mmoja ukikosekana ubaoni, mtambo hukataa kuzipa sumaku umeme.

"Hata akiomba mkurugenzi?" Inspekta aliuliza.

"Hata akiomba mkurugenzi na mkewe, Afande."

Msimamizi alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamfia mdomoni.

"Siku ile mtambo ulikuwa kwenye matengenezo. Skrini zetu zilikuwa zimezimwa. Mimi nilikuwa humu ndani nakunywa chai, nikasikia mvumo sakafuni. Ule ni mvumo wa sumaku, naujua kama ninavyojua kikohozi cha mke wangu. Lakini nikajiambia, aa, itakuwa pampu ya maji." Alivua miwani. "Nikamaliza chai yangu, Afande. Nilimaliza kikombe kizima."

Inspekta aliusogelea ubao. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mwendo wa taratibu, na wenzake kazini walisema ukimpa chumba na kiti atakaa mpaka kiti chenyewe kiseme.

"Na amri ya kuwasha ilitoka wapi?"

"Chumba cha Pacha. Kwa yule binti, Chiriku."

Pacha halikuwa jina la mtu. Ilikuwa programu iliyouiga mtambo mzima ndani ya kompyuta: kila sumaku, kila pampu, kila mlango. Waandishi wa programu walizijaribu amri zao kwa Pacha kwanza kabla ya kuzipeleka kwenye mtambo wenyewe, kama mwanafunzi wa udaktari anavyoanza na mdoli. Ukikosea kwa Pacha, hakuna anayeumia. Kati ya Pacha na mtambo halisi kulikuwa na lango, nalo lilifungwa siku zote.

"Sasa amri imepitaje langoni?"

"Haikupita. Shemeji anasema binti alifungua dirisha lisilo lake. Alidhani yuko kwa Pacha, kumbe yuko kwenye mtambo. Uzembe juu, uzembe chini. Ndivyo vifo vinavyokuja."

Shemeji ndiye aliyekuwa mkuu wa programu pale. Alikuwa kaka wa mke wa marehemu, na kwa kuwa Fundi Sumaku alizoea kumwita hivyo kwenye korido, kituo kizima, kuanzia mkurugenzi hadi wafagizi, kilimwita Shemeji. Yeye ndiye aliyeizima mitambo yote kwa pigo moja siku ile, ili aweze kushuka kumwokoa ndugu yake. Na ilipozimwa kwa pigo moja, kumbukumbu zote za asubuhi ile zilipotea. Wataalamu wa polisi walikuwa wamezitafuta wakakata tamaa.

Inspekta alivaa glavu, akachomoa ufunguo wa marehemu, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alikaa nao muda mrefu. Kisha akamwita Koplo.

"Unaona nini kwenye meno?"

Koplo aliinama. "Uchafu, Afande. Kama kutu."

"Kutu haitelezi ukiigusa." Alipitisha ncha ya kijiti cha kiberiti, ikatoka na utelezi wa kahawia uliong'aa. "Hii ni grisi. Chomoa mwingine."

Koplo akachomoa wa jirani. Kwenye meno yake kulikuwa na grisi pia, lakini nyeupe, imekauka. Wa tatu, nyeupe. Wa nne ulikuwa safi. Kati ya funguo zote za ubaoni, wa marehemu peke yake ndio uliokuwa na grisi ya kahawia.

"Tia kwenye mfuko," Inspekta alisema. "Stoo iko wapi?"

*

Mtunza stoo alikuwa mtu wa maneno mengi, na msiba ulikuwa haujamnyamazisha, ulikuwa umemwongezea.

"Grisi? Grisi ya vichwa vya nyaya, mama. Umeme wote ule ukipita kwenye kiungo kikavu, kinaungua. Miaka yote tulikuwa na nyeupe. Fundi alikuwa ananililia: nyeupe haifai, inakauka, niletee ya shaba. Mimi nikamwambia, we bwana, hata mchumba hachaguliwi hivyo. Basi ya shaba ikaja. Asubuhi ile ile. Kopo moja, jipya. Kifuniko kigumu! Nikakifungua mimi mwenyewe kwa bisibisi, nikamkabidhi. Akanusa, akasema, hii sasa ni grisi." Akanyamaza ghafla, akajifuta pua kwa kiganja. "Akaenda nayo. Sikumwona tena."

"Kabla ya hapo hakuna aliyeitumia hapa kituoni?"

"Ilikuwa haijawahi kuingia getini."

"Na baada ya pale?"

"Nani ashuke? Mmefunga handaki nyinyi wenyewe, na kopo mnalo nyinyi."

Inspekta alitikisa kichwa kukubali. Ndipo mtunza stoo alipoinama juu ya kaunta, akapunguza sauti.

"Lakini mama, kama mnatafuta mkono wa mtu, muulizeni Mrefu. Fundi msaidizi. Walitupiana maneno hapa hapa siku moja kabla. Maneno mabaya. Mrefu alimwambia, 'Ipo siku utanikumbuka.'"

Mrefu walimkuta nyuma ya jengo, ameketi juu ya pipa lililopinduliwa, mikono mikubwa imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. Hakungoja aulizwe.

"Najua mmeambiwa nini. Ni kweli nilisema. Alinikatalia spana yake ya kupimia, ile ya kukazia nati. Alisema mimi nakaza kwa hasira. Nikamjibu hivyo. Maneno ya kazini, Afande. Jioni yake tulirudi nyumbani pamoja, tunacheka. Amenifundisha kazi yule. Nimekuja hapa sijui hata kushika bisibisi."

"Ulikuwa wapi mvumo ulipoanza?"

"Juu ya paa, kwenye feni za kupoozea, na mafundi wawili wa kampuni. Waulizeni."

Koplo alikwishawauliza. Ilikuwa kweli. Inspekta alivuta pipa la pili, akaketi mkabala naye.

"Mliposhuka handakini, nani alikuwa wa kwanza kumfikia?"

"Shemeji. Nadhani aliruka ngazi zote. Mimi nilipofika, alikuwa amemkumbatia. Nikataka kumsaidia kumlaza vizuri, akanipigia kelele: 'Usimguse! Umeme bado upo!' Akatufukuza mpaka kwenye ngazi. Alibaki naye peke yake mpaka wauguzi walipokuja."

"Umeme bado upo," Inspekta alirudia polepole.

"Ndivyo alivyosema."

"Na yeye amemkumbatia."

Mrefu alimtazama. Kisha akageuza uso upande wa ukuta, na Inspekta hakumuuliza zaidi.

*

Chiriku alipewa jina hilo na wenzake kwa sababu hakuwa akinyamaza. Aliongea na watu, na kompyuta, hata na mashine ya kahawa. Sasa alikuwa amekaa kitandani, chumbani kwake, nyumbani kwa mama yake, mgongo ukutani, na shuka limemfunika hadi kidevuni ingawa jua lilikuwa kali. Mama yake alisimama mlangoni.

"Hali wala halali," alisema mama. "Anakitazama kidole chake tu. Afande, kama ni jela, nichukueni mimi. Huyu mmeshamchukua."

"Sijaja na pingu, mama. Nimekuja na maswali. Kaa hapa hapa usikie."

Inspekta aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Hakuanza na siku ile. Alimuuliza Pacha anafananaje na mtambo, kama mtu mgeni anayetaka kujua. Kwanza msichana alijibu kwa kichwa. Baadaye kwa neno moja moja. Kisha, kwa kuwa ni kazi aliyoipenda, maneno yakaanza kumrudia.

"Madirisha ya Pacha yana ukingo wa kijani. Ya mtambo yana mwekundu. Ili mtu asichanganye."

"Siku ile uliona rangi gani?"

"Kijani." Alisita. "Niliona kijani. Lakini Shemeji aliniambia akili ikipata mshtuko hujitungia mambo. Alisema ameikuta kompyuta yangu mwenyewe, dirisha ni jekundu. Akasema nisiseme sana mbele ya polisi, yeye atanisaidia. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu, Afande. Akisema nimekosea, nimekosea."

"Sawa. Tuache rangi. Nieleze ulichofanya, hatua kwa hatua, kama vile unanifundisha mimi."

"Nilikuwa najaribu programu mpya ya kuzipandisha sumaku umeme pole pole. Nikatuma amri. Namba zikaanza kupanda. Vizuri tu. Zikafika nilipotaka zikakaa. Nika..." Uso wake ulibadilika. "Nikafurahi."

"Kwa nini ulifurahi?"

"Kwa sababu zilikuwa zinatetemeka."

Mama mtu alisogea hatua moja ndani. Inspekta hakutikisika.

"Sijaelewa, mwanangu. Zilitetemekaje?"

"Namba za Pacha hazitetemeki. Ukiiambia sumaku ipokee mia mbili, inasoma mia mbili, imekauka kama askari wa gwaride. Mtambo halisi haukai hivyo. Unasoma mia mbili kasoro kidogo, mara mia mbili na kidogo. Unapumua. Mwaka mzima nimekuwa nikimwomba Shemeji tumfanye Pacha apumue, ili majaribio yetu yafanane na ukweli. Basi siku ile nikaona namba zinacheza, nikadhani amenifanyia bila kuniambia. Nikamwita kwa sauti, 'Shemeji! Leo Pacha anapumua! Umemfanya nini?'"

"Akasemaje?"

"Alikuwa anatoka, simu sikioni. Akanipungia mkono. Halafu akasimama. Akageuka, akaitazama skrini yangu kwa mbali." Sasa machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kujua. "Akakimbia. Sijawahi kumwona anakimbia. Nilidhani simu imemletea habari mbaya."

Nje jirani alikuwa anapiga pasi na redio imefunguliwa.

"Ulimwambia nani haya?"

"Hakuna aliyeniuliza namba zilikuwaje. Wote wameniuliza kwa nini nilibonyeza."

Inspekta aliinuka. Alitaka kuondoka na neno la kumtuliza, lakini hakuwa mtu wa kutoa ahadi kabla ya kazi kwisha. Akaliweka shuka vizuri begani mwa msichana.

"Rangi uliyoiona ni kijani," alisema. "Hilo usimwachie mtu akunyang'anye."

*

Koplo aliendesha gari kimya mpaka walipofika kwenye barabara kuu.

"Nisaidie hesabu, Afande. Kama dirisha lilikuwa kijani na namba ni za mtambo..."

"Basi lango kati ya Pacha na mtambo lilikuwa wazi. Binti alikuwa mahali pake. Amri yake ndiyo iliyovuka."

"Na kama ufunguo una grisi ya kopo lililofunguliwa asubuhi ile..."

"Basi ulikuwa handakini na Fundi, kwenye mkono uliokuwa unapaka grisi. Alifuata sheria. Ufunguo haukurudi ubaoni kwa miguu yake."

"Lakini Msimamizi anasema ufunguo ukikosekana mtambo hukataa."

"Hukataa kama umeambiwa ukatae. Ni programu, Koplo. Kuna mtu aliyeuambia usiulize funguo. Sasa mtu anayeweza kufungua lango, na kuuziba mtambo mdomo, na akawa wa kwanza kumfikia marehemu, ni wangapi pale?"

Koplo alipunguza mwendo, kwa sababu walikuwa wamekaribia nyumba ya msiba.

Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani. Watu walikuwa wachache, wale wa karibu wanaobaki wengine wakirudi makazini. Mjane alikuwa ndani. Inspekta alikwisha kuzungumza naye mara moja, siku ya kwanza, na hakuisahau hasira yake. "Mtu anayerudi kutoka getini kuangalia kama amezima jiko," alikuwa amemwambia, "leo anashuka kwenye umeme bila ufunguo? Alikuwa anafikiria nini? Hakutufikiria sisi?" Hakulia hata tone.

Shemeji alikuwa anawagawia wageni maji ya kunywa. Mwili wake mwembamba ulikuwa umepungua ndani ya shati. Alipomwona Inspekta aliweka trei chini, akamfuata nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, bila kuitwa.

"Pole na msiba," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa, Afande."

"Nina swali moja tu. Ufunguo alikuwa ameutia mfuko gani?"

Bomba la tangi lilikuwa linadondosha maji. Shemeji alikwenda akalikaza, akajaribu tena, likaendelea kudondoka. Akarudi.

"Wa kifuani," alisema. "Kushoto."

Akakaa chini, juu ya zege, kama mtu aliyekatwa kamba. Inspekta, pamoja na unene wake, akachuchumaa karibu naye. Koplo alibaki kwenye kona ya nyumba.

"Ubao ulikuwa mbovu," Shemeji alianza. "Funguo zote zipo, ubao unasema umekosekana mmoja. Kila baada ya muda unatukatiza majaribio. Jioni ya kuamkia siku ile nikauambia mtambo usiulize ubao. Kwa usiku mmoja, nikajiambia, asubuhi narudisha. Na lango nililifungua mimi. Binti alikuwa ananisumbua Pacha apumue. Nikataka Pacha asome namba za mtambo, zile halisi, azijifunze. Kusoma tu. Sikuangalia kwamba njia ile inapitisha pande zote mbili."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi mkurugenzi alipiga simu. Wageni wanakuja, programu ziko tayari, haziko tayari. Maneno ya wakubwa. Nikasahau." Aliutazama mkono wake. "Unajua, mimi ndiye niliyemleta yule bwana kwetu. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu. Nilimwambia mdogo wangu, huyu ni mtu mwangalifu, utalala usingizi. Nilimsifia uangalifu wake."

"Halafu ukamwita mzembe."

"Nilisikia Chiriku anasema Pacha anapumua, nikajua. Pale pale. Nikakata umeme wote, nikashuka. Na Afande, niliposhuka sikumgusa shingo. Mtu akianguka, unamgusa shingo kwanza, uone kama mshipa unapiga. Sote tumefundishwa. Mimi nilimgusa mfuko kwanza. Mpaka leo sijui kama alikuwa amekwisha kwenda."

"Daktari anasema alikufa papo hapo."

Shemeji alitikisa kichwa kama anayesikia habari za watu wa mbali.

"Inuka," Inspekta alisema. "Kuna gari nje."

"Niache nimwambie mwenyewe. Asilisikie kwa polisi."

Inspekta alifikiri. Kazi ilimtaka akatae. Mtuhumiwa hapewi nafasi ya kuzungumza na shahidi. Lakini alikuwa ameuona uso wa yule mwanamke siku ya kwanza.

"Mlango utakuwa wazi, na mimi nitakuwa mlangoni."

Mjane alikuwa ameketi mkekani, anakunja nguo za mume wake na kuzipanga marundo. Wanawake wawili waliokuwa naye walimwona Inspekta, wakatoka bila kuambiwa. Shemeji alipiga magoti mbele ya dada yake.

"Kaka, vipi? Keti vizuri."

Akamwambia. Hakujipamba na hakuzunguka. Alisema ubao, akasema lango, akasema mfuko wa kifuani kushoto. Mjane aliendelea kukunja shati lililokuwa mkononi mwake, mkono juu ya mkono, mpaka likawa dogo kabisa, halikunjiki tena. Alipomaliza kusikia, alilishika kwa mikono miwili.

"Ina maana alikuwa na ufunguo," alisema.

"Alikuwa nao."

"Ina maana hakusahau."

"Hakusahau, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyesahau."

Nje mtoto wa jirani aliita mwenzake, akanyamazishwa na mtu mzima.

"Kaka, unajua umenifanya nini?" Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angeipaza. "Kufa, watu wanakufa. Hata wewe kusahau, mtu husahau. Lakini nilisimama pale kaburini nimemnunia. Watu wote wanalia, mimi moyoni namgombeza. Nilimwambia, nenda basi, si umetaka mwenyewe? Na wewe ulikuwa umenishika mkono. Ulinishika mkono huu, kaka, na ulikuwa unajua. Umenifanya nimzike mume wangu nikiwa nimemkasirikia. Sasa nitamrudishia wapi maneno yangu?"

Shemeji aliinamisha paji la uso mpaka likagusa mkeka. Hakuomba msamaha. Huenda aliona ni kumwongezea mzigo.

Ndipo mjane alipolia. Alilia kwa sauti iliyokuwa imesubiri tangu siku ya kwanza, na wanawake waliokuwa nje wakaingia mbio wakimpita Inspekta mlangoni. Yeye alimshika Shemeji kiwiko, akamwinua, wakatoka kupitia uani. Waliokuwa kwenye viti walidhani anasaidiwa kwa sababu ya uchungu. Mzee mmoja akamwambia, "Jikaze, kijana." Shemeji akamjibu, "Ahsante, baba."

Koplo alimkalisha kiti cha nyuma. Inspekta alikuwa anafungua mlango wake wa mbele alipoona mjane anatoka nyumbani, khanga imemteleza begani, miguu mitupu, wanawake wakimfuata na kujaribu kumzuia. Alifika mpaka kwenye gari. Hakutazama kiti cha nyuma.

"Yule binti," alimwambia Inspekta. "Anajua?"

"Nakwenda kwake nikitoka hapa."

"Mwambie..." Alivuta khanga, akairudisha begani. "Mwambie aje. Akiweza."

"Nitamwambia, mama."

Kisha akafungua kiganja. Mlikuwa na pakiti ya vidonge, imekatwa nusu. Akampa Koplo kupitia dirishani.

"Ana presha," alisema. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Mumkumbushe. Asipokumbushwa, husahau."

Akageuka, akarudi ndani.